Swali la Kumi la Salimu

Jumamosi, baada ya isha

Afadhali ningewakatalia. Sina hata wiki tangu nitoke eda, na majirani wameshaning'ang'ania chemsha bongo ya leo niisome kutoka daftari la marehemu mume wangu.

Salimu hakuandika majibu, tusije tukachungulia. Alikuwa nayo kichwani. Ya maswali tisa niliyapata kwenye simu: mito, sayari, miji mikuu. La kumi huwa la nyumbani, kumhusu yeye. Sikulisoma mapema. Kosa langu.

"Siku niliyokutana na Mwanaidi nilikuwa na tiketi ya Korogwe. Kwa nini nilishuka Muheza?"

"Machungwa!" wakasema wote. Hata mimi, niliyemuuzia siku ile, miaka yote najua ni machungwa. Lakini chini kaandika: "Si machungwa. Wala si yeye, nilikuwa sijamwona."

Wakakisia mpaka wakachoka. Bi Rehema akacheka. "Haya shoga, tumeshindwa. Tunakupa mji. Chukua Muheza, utupe jibu."

Ndivyo tunavyocheza, kama kwenye vitendawili: ukishapewa mji, jibu ulitoe. Wote macho kwangu. Nani mwingine atajua kama si mkewe?

Nikasema nimelisahau. Wakaniamini, wakanionea huruma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana sikulisahau. Sikuwahi kumuuliza.

Muheza nzima ni yangu sasa, na machungwa yake yote. Salimu, ulishukia nini?