Picha Isiyo na Kufuli

Jumatatu, 5 Oktoba 2009
Nilikuwa natafuta stesheni ya Uganda kwa dishi hapa dukani, Kitale. Ikaingia picha ya ajabu. Haina sauti, haina jina. Mabati, mahindi, barabara — vyote kutoka juu! Halafu malori mawili ya jeshi. Kaka yangu Kizito, mwanajeshi, huendesha lori kama hayo.

Jumanne, 6 Oktoba
Kizito alipitia chai. Nikamwonyesha. Akaweka kikombe chini. Ati ni ndege isiyo na rubani, iko kwa majaribio. Huwatangulia wanajeshi wakifuata wezi wa mifugo. Injinia wa hiyo ndege aliapa hakuna raia anaweza kuona picha yake.
Nikamwambia, "Na hii ni dishi ya kuangalia mpira tu, bana!"
Ataambia mkubwa wake.

Alhamisi, 8 Oktoba
Ameambia. Injinia alisema kuifunga hiyo picha watu wengine wasiione kutachelewesha majaribio. Mkubwa naye akauliza huyo dada ni nani, anaishi wapi. Ati nikirudia kuangalia nitashikwa kama mpelelezi.
Nimezima mashine.

Ijumaa, 9 Oktoba
Wepukhulu, fundi mwenzangu wa dishi kule Lwakhakha mpakani, alinipigia akicheka. Wiki jana aliwekea wanaume watatu dishi. Hawakutaka mpira wala sinema. Walikuja na namba ya masafa kwa karatasi.
"Nisomee."
Akasoma. Ni ile ile ya picha yangu.
Hajui hao wanaume ni akina nani. Yeye hacheki tena. Mimi nampigia Kizito — simu haiingii.

Jumamosi, 10 Oktoba, saa nane mchana
Nimewasha. Wacha wanishike!
Malori yanaenda. Mbele kuna daraja. Kando ya daraja, kwa majani, watu wamelala kifudifudi. Nilihesabu kumi na moja. Mara picha ikageuka — msitu, msitu tu. Haikurudi.
Kizito ameshika simu. Ati injinia anapiga kelele kwa redio, ndege imekataa amri, haijulikani nani anaiendesha. Lakini mkubwa, aliyeketi kando yake, amesema waendelee, kabla igeuke aliona barabara ni safi. Hao watu hakuwaona.
Nimemwambia, "Simama! Kuna watu darajani!"
Ananiuliza: "Dada, mkubwa anauliza nimejuaje."
Mkono mmoja kalamu, mmoja simu. Nikisema niliangalia tena, nimejipeleka jela mwenyewe.
Nimesema, "Mpe simu."
Wananong'ona. Injini bado inanguruma. Lori halijasimama. Mkubwa ameshika simu; naweka kalamu chini nimwambie yote.