Naam ya Adhuhuri

Mlandege, Mjini Unguja

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Najua ushaitika marahaba huku ukitafuta miwani, basi n'nakungoja uivae. Hali yako vipi, goti linaendeleaje, na mwani umekauka au mvua imeuharibu? Nadhira mzima? Mwambie mimi kaka yake nshakuwa fundi mkubwa, asinitajie tena ile shule niliyoiacha njiani. Mimi mzima, Alhamdulillahi, nala vizuri, na shati la Idi limeanza kunibana.

Utasema mbona naandika na simu ninayo. Kwa simu ungenikatia. Barua haikatiki, labda uichane, na wewe karatasi yenye jina la Mungu huichani. Ndiyo maana Alhamdulillahi nimeitanguliza mapema.

Tajiri wangu Abdulwahid, mwenye duka la kompyuta, amepata kazi kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Wamenunua kompyuta mpya sita, na sisi tuhamishe kila kilichomo kwenye zile kuukuu: mafaili, picha, mipangilio, mpaka rangi ya kioo, ili karani akikaa aone yuko kwake. Abdulwahid ana cheti ukutani, mimi nina vidole. Sasa, chumba cha nyuma kulikuwa na kompyuta moja ambayo kila mtu anaipita mbali. Makarani wakaniambia ile niiache. Unanijua. Nikaipangusa vumbi, nikaona mipangilio yake nadhifu kuliko ya wenzake wote, nikaifanya ndiyo mfano na kuimwaga kwenye zote sita.

Hapa shika moyo, Mama. Ofisi yenyewe ni ile ya marehemu baba, uliyonikataza hata kupita mtaani mwake. Na kompyuta ile ilikuwa yake. Nilijua tangu siku ya kwanza nakwenda wapi, na sikukwambia.

Adhuhuri ilipoingia, zote sita zikaadhini.

Bi Salhiya, karani mkongwe wa pale, baadaye alinieleza kuwa kuta za nyumba ile ni nene, adhana ya msikitini haifiki nyuma, ndipo baba akajirekodi mwenyewe na kuipanga ilie kila siku. Lakini wakati ule sikuwa na wa kunieleza. Nilisimama na waya mkononi. Sita zile hazikwenda pamoja, moja ikitangulia nyengine ikifuata, kama watu sita waliosimama vyumba mbali mbali kwa koo moja. Sauti ya baba siijui, alikufa mimi mdogo mno, ila mwili ulinisisimka kabla sijaambiwa ni nani. Adhana ikaisha. Kimya. Kisha, kutoka kila pembe, taratibu: Naam. Naam. Naam. Mpaka zikatimia sita, kama mtu anamwitikia mwenziwe tusiyemwona sisi.

Bi Salhiya alikaa sakafuni na buibui lake. Akanisimulia lile ambalo wewe hukuwahi kunimalizia: kuwa baba alijirekodi chumbani peke yake, mlango umefungwa, ikatoka hiyo Naam, na wiki ile ile akaanguka ngazini asiinuke. Yeye ndiye aliyekuletea khabari hiyo matangani, kwamba mumeo kaitwa na kisichoonekana, naye akaitika mara ya kwanza.

Ndipo nikafahamu kwa nini umenilea nisiitike mpaka niitwe mara tatu. Darasa zima walinidhania kiziwi na mwalimu akanitandika kwa ukaidi. Shule nimeikimbia kwa hilo, na kwa hesabu pia, nisikudanganye. Nikafahamu na kwa nini wewe ukiitwa uani huitiki, unatazama mlango kwanza.

Abdulwahid akaniamuru niifute kabla hatujafukuzwa. Nikamwambia asubiri. Nikavaa hedifoni, nikapandisha sauti ya kile kimya kilichopo baina ya adhana na Naam. Kwanza feni. Kisha kitu kinaburura sakafuni, kama kigari cha kopo. Kisha, mbali na chini, sauti ndogo inasema: Baba, mkojo.

Ni mimi, Mama.

Bi Salhiya amekumbuka kuwa siku hizo ukienda kliniki na mimba ya Nadhira ulikuwa ukiniacha kwa baba. Siku ile alidhani umeshanichukua, kumbe niko chini ya meza. Spika za zamani hazikuitoa sauti yangu, zilitoa yake tu aliyekuwa karibu na maiki. Hakuitwa na kitu. Kaitwa na mtoto wake, akamwitikia kwa adabu kama anavyomwitikia mtu mzima, kiti kikasukumwa, ikakatika.

Bi Salhiya amesikiliza, amelia, anakuomba radhi. Sikuifuta yote, imebaki kwenye mashine ya Bi Salhiya, kwa amri yake. Nakala nyengine nimeitia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa karatasi ya peremende. Mpe Nadhira aiweke kwenye simu yake. Hajawahi kumsikia baba yake. Sikilizeni mpaka mwisho, na kicheko kikikujia usikizuie.

Kwa kuvunja katazo lako nakuomba radhi mimi pia. Wasalimie majirani, na mwambie Nadhira asiiguse baskeli yangu. Ijumaa ntakuja. Ntakaa uani kimya, nikungoje.

Niite mara moja tu.

Mwanao, fundi,
Borafya Makungu