Andalio la Wiki ya Tatu

5 Juni

Mama,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na mguu wako je? Mimi sijambo. Mume wangu alikupigia simu, kwa hiyo habari ya mtoto unayo. Tulimzika juzi Jumanne. Tukarudi, mama mkwe akapika chai, tukanywa.

Asante kwa kukubali kunishikia darasa shule ikifunguliwa Jumatatu. Maandalio ya somo ya wiki tatu za kwanza yako droo ya chini, niliyaandika kabla sijaja huku ukweni kujifungua. Ya wiki ya nne hadi ya sita ni haya. Hesabu iwe asubuhi kabla hawajachoka. Yule wanayemwita Profesa usimwulize wa kwanza, atawamalizia wenzake majibu. Msichana wa dirishani hasikii sikio la kushoto, simama kulia kwake. Chaki zifungie kabatini, huwa zinaota miguu.

Usije. Ukija, watoto watabaki na nani? Simu nimeizima, niandikie.

Mwanao

10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mguu upo, unanung'unikia ngazi tu. Pole, mama. Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara tatu, naliona dogo, lakini sina jingine.

Miaka sita tangu nistaafu, nikadhani nimesahau kazi. Wapi! Jana tu nimepayuka hadi mwalimu wa darasa la pili akafunga mlango. Wananiita Bibi Mwalimu. Huyo Profesa wako kaniuliza kama nilizaliwa kabla ya ubao. Nikamwambia ubao ni mdogo wangu, nimeubeba mgongoni. Wakacheka mpaka basi.

Maandalio yako yamenyooka, hata dakika za kufuta ubao umezipanga. Lakini katika barua nzima mtoto umempa mistari miwili. Unakula? Unalala? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi ni mzazi wako. Niruhusu nije. Mwalimu Mkuu hakosi mtu wa kushika darasa.

Mama yako

15 Juni

Mama,

Shikamoo. Nakula. Nalala. Maziwa yalikuja siku ya nne, muuguzi akasema nifunge kitambaa kifuani, nikafunga. Wanaokuja kutoa pole wanalia, mimi nawapa viti. Sisikii kitu, Mama. Nakaa mezani napiga mistari ya majedwali.

Haya ni ya wiki ya saba hadi ya kumi na mbili. Kwenye kugawanya tumia vizibo vya chupa, viko kwenye kopo la rangi chini ya meza yangu. Vihesabu kabla na baada.

Usije.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Wiki kumi na mbili! Muhula wenyewe hauna wiki hizo, unamwandalia nani?

Leo nimefungua andalio la wiki ijayo, ile ya tatu, uliloandika kabla. Ijumaa, Kiswahili, dakika arobaini: "Barua ya kirafiki. Kila mwanafunzi amwandikie mtoto wa mwalimu, amkaribishe." Ulisahau kulitoa, mwanangu. Na watoto wanalikumbuka, kumbe uliwaahidi. Nimewaambia ukweli kwamba mtoto amefariki.

Niliruke somo hili? Na nije?

Mama yako

24 Juni

Mama,

Shikamoo. Usiliruke. Andalio lifuatwe kama lilivyo, barua huwa inatoka kwenye mtihani. Sahihisha mpangilio: anwani, tarehe, salamu, kiini, hitimisho. Alama kumi. Mwandiko mbaya usimkatie mtu alama.

Usije.

Mwanao

28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimelifuata, ingawa chaki ilinikatikia mara mbili. Tulipofika kwenye anwani tukakwama. Wote wananitazama: Bibi Mwalimu, anwani yake ni ipi? Miaka thelathini na moja ya kufundisha, swali hilo sijawahi kuulizwa. Mwishowe nikasema, andikeni kupitia kwa mama yake.

Basi zimekuja kwako, thelathini na nane. Kuzisahihisha nimeshindwa, kalamu nyekundu nimeiweka chini. Ukitaka zisome, ukitaka zichome. Sijui kama nimekutendea wema au nimekuumiza, na naogopa.

Mama yako

3 Julai

Mama,

Nimesahihisha thelathini na saba. Nane, saba, nane, sita. Mmoja tisa, kasahau tarehe. Nilikuwa naenda vizuri tu.

Ya mwisho ni ya yule mpole wa dawati la nyuma, ambaye tangu mwaka uanze hajanyoosha mkono. Kaandika hivi:

"Mtoto wa Mwalimu, marahaba. Nimekuitikia kabisa, kwa sababu mimi ni mkubwa kwako na ninajua ungeniamkia."

Basi. Hakuna kiini wala hitimisho. Nikampa mbili, nikafuta, nikaisoma tena. Mama, kweli angeamkia watu. Tungemfundisha, naye angezunguka nyumba nzima akimwamkia kila mtu, hata paka, hata mlango. Nimeanza kulia adhuhuri na sasa ni magharibi. Inauma. Inauma mno, Mama, sikujua itauma hivi.

Darasa apewe yeyote, hata bila andalio. Njoo.

Mwanao