Kamba za Kokoro

Alhamisi, 3 Julai

Leo sisi maofisa uvuvi tumechoma makokoro manne mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Nyavu zenye matundu madogo, zinakomba hadi sangara wachanga ambao hawajataga hata mara moja. Moja lilikuwa la Mzee Bwire. Hakutukana kama wenzake. Alisema tu, "Mama, umechoma chungu changu." Nikamjibu sheria ni msumeno. Nilijiona nimesema. Nyumbani mwanangu Furaha amekataa kunikumbatia. Eti nanuka plastiki.

Jumamosi, 5 Julai

Saba Saba tunakwenda kisiwani, sisi watatu. Mashauri ameazima boti ya rafiki yake, anajisifu kama nahodha wa meli. Mume ambaye hata baiskeli humtupa. Furaha ana wiki ya tatu bila maumivu. Selimundu, ule ugonjwa wake wa damu, umempa likizo. Daktari anasisitiza maji, maji, maji. Nitayabeba mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai. Hospitali.

Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga kelele.

Tulikula vizuri kisiwani. Furaha alicheka sana. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa umegeuka, umesukuma magugu maji yakafunga njia yote. Mashauri akasema tutapita. Hatukupita. Mizizi ikajisokota kwenye panga la injini, injini ikazima. Tukang'oa kwa mikono. Simu yangu ikazama. Ya Mashauri ilishakwisha chaji kwa muziki.

Nchi kavu tuliiona. Karibu, na hatufiki. Kushuka haiwezekani, juu majani, chini kina, na mamba wapo.

Saa nane. Saa tisa. Maji ya kunywa yakaisha. Nusu yake Mashauri alinawia mikono baada ya samaki. Sitamsamehe. Saa kumi Furaha akashika mapaja. Alilia, kisha akaacha kulia. Kuacha kule ndiko kulikoniua. Niliita hadi sauti ikakauka. Nilimwomba Mungu, kisha nikamgombeza.

Mtumbwi ukatokea kwenye matete. Mzee Bwire. Nyuma yake, ufukweni, mkewe na wanawe walikuwa wanavuta kokoro jingine. Aliniona. Aliona kwamba nimeona. Akageuza mtumbwi, akaondoka.

Nikasema tumekufa.

Akarudi na kamba. Kokoro lina kamba ndefu sana za kuvutia kutoka nchi kavu. Walizikata, wakaacha wavu majini na samaki wake. Akaturushia ncha, tukafunga, na familia nzima ikavuta kutoka ufukweni kwa wimbo uleule wa kuvutia wavu. Tulitolewa kwenye magugu kama samaki. Mkewe akamnywesha Furaha, akamfunga khanga yake, akatuitia bodaboda. Hakuna aliyetaja nyavu.

Jumanne, 8 Julai

Dripu. Bado anaumia. Haongei. Khanga ya yule mama haiachii. Mashauri amekaa nje kwenye benchi, anaogopa kuniangalia.

Alhamisi, 10 Julai

Ameomba uji! Amekunywa nusu kikombe.

Halafu mkuu wangu wa kazi akapiga simu. Ametoa pole. Kisha kazi. Kuna taarifa za kokoro upande uleule tuliokwama. Doria Jumamosi. Niwaongoze, maana sasa napajua. Nimesema sawa. Sawa! Ulimi huu ungekatwa.

Si kwamba sijui ubaya wa kokoro. Baba yangu aliacha uvuvi kule Nansio kwa sababu hiyo, alikuwa anarudi na ndoo tupu. Najua sana. Maji yamenifika shingoni.

Ijumaa, 11 Julai

Nilitoka kwenda kumwonya Mzee Bwire. Nikafika stendi. Nikanunua hindi la kuchoma, nikakaa, nikalila lote. Nikarudi hospitali. Mwoga mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Tulimkuta. Hakukimbia. Kokoro limeanikwa, kamba bado hazijaunganishwa. Hajavua tangu siku ile.

Nilimwamkia kwa sauti ndogo. Akaitikia, kisha akauliza mbele ya wote, "Mtoto anaendeleaje?"

Mkuu akanigeukia. Nikamweleza yote, nani alituvuta na kwa kamba gani. Nilipiga magoti mchangani na sare yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema mzee hatapelekwa polisi, lakini wavu lazima. Akanipa kibiriti mimi.

Nikauliza kuhusu kamba. Kamba si kosa, akasema. Nikazikusanya, nikamkabidhi mzee mkononi. Alizipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, na hiyo heshima ilinichoma. Kisha nikawasha.

Jumapili, 13 Julai

Furaha ameruhusiwa. Ametembea mwenyewe kutoka kitandani hadi mlangoni.

Nilishaosha nywele mara tatu. Alinikumbatia, akanusa. Baadaye akauliza kama babu wa kamba hajambo. Nimesema hajambo.

Khanga nimeifua. Imekauka, ipo juu ya kiti. Anataka tuipeleke kesho.