Nilimshuku Nakiru

Kakuma, 2013

Mama,

Siku tuliyokuzika nilimfukuza Nakiru kaburini. Nilimwambia mbele ya watu wote, "Ondoka, umeshamaliza kazi yako." Akaliweka chini jiwe alilokuwa amelibeba, akaenda zake, na hakuna aliyemwita arudi. Nakuandikia kwa sababu tangu siku ile nimejua mambo ambayo wewe uliyajua muda wote ukayanyamazia, na sina mwingine wa kumuuliza.

Aliyenitia shaka ya kwanza ni jirani yako, Mama Ekal. Alinipigia simu nikiwa jikoni pale shuleni Lodwar, nasonga ugali wa wanafunzi. Akasema, "Asekon, huyu Nakiru, binti wa mke mwenza wa mama yako, anakuja hapa kila asubuhi. Anampa mama yako vidonge halafu anasimama juu yake mpaka ameze. Anamwambia afungue mdomo aone kama vimeshuka. Wewe mtoto wake unajua hayo?"

Sikujua. Ugali uliungua nikiwa nimeshika simu.

Mama, wewe ndiye uliyenilea hivyo. Baba alipomwoa mama yake Nakiru, ulihamisha nyumba yako ukaijenga ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, na miaka yote ile hamkusalimiana. "Chakula cha nyumba ile usikionje," uliniambia nikiwa mdogo sana, na kweli sikukionja, hata siku za njaa. Basi ningeaminije kwamba mtoto wa nyumba ileile anakuletea dawa kwa mkono wake na wewe unazipokea?

Niliuliza. Nikaambiwa Nakiru amechaguliwa na kijiji, amefunzwa pamoja na wenzake kwenye dispensari, amepewa mfuko na nyumba za kutembelea, na yako ni mojawapo. Nesi, mpima damu na wahudumu wa vijijini, wote ni timu moja. Neno hilo la timu ndilo lililonikera zaidi. Kampeni zilikuwa zimeanza, kila mtu alikuwa na timu yake, na kila timu ilitaka kitu kutoka kwetu.

Halafu nikaja kwako Kakuma na mwanangu Ewoi, akiwa na wiki sita. Nilikunyooshea umpakate, ukarudi nyuma. Mjukuu wako wa kwanza! Ulijifunika mdomo kwa shuka ukasema, "Kaa naye pale kwenye upepo." Ulimtazama kutoka mbali jioni nzima, hukumgusa. Nililia barabara yote kutoka Kakuma hadi Lodwar. Nikajiambia: Nakiru ameshakugeuza. Amekuambia nini kuhusu mimi?

Kisha ukakonda. Kisha, kabla ya Krismasi, Mama Ekal akapiga simu tena, na safari hii alikuwa akilia.

Nilipofika nilimkuta Nakiru ndani ya nyumba yako, amepiga magoti, anaokota pakiti za vidonge vilivyobaki na kuzitia mfukoni mwake. Aliponiona hakusema pole. Aliniangalia tu. Nikasema moyoni, anaficha ushahidi.

Baada ya mazishi nilikwenda kwenye baraza la chifu. Sikusema kwamba alikuua, Mama, hilo nataka ulijue. Nilisema aulizwe tu. Aulizwe kwa nini alikuwa akisimama mpaka umeze. Aulizwe zile pakiti zilikwenda wapi. Yalikuwa maneno ya kuuliza, lakini kila aliyekaa pale alijua nataka jibu gani. Na Nakiru alipoulizwa alisema, "Siwezi kusema. Nilimwahidi."

Basi. Yakaisha hapo. Mfuko wake ulichukuliwa palepale. Nesi akasimama, akajaribu kusema kwamba mimi na mtoto tunafaa kupimwa, nikamkatiza: "Mmemmaliza mama, sasa mnamtaka mtoto?" Watu walinipigia makofi. Nilirudi Lodwar nikiwa na yale makofi masikioni, nikaona nimekutetea.

Uchaguzi ulipopita Ewoi akaanza kukohoa. Nilimpeleka hospitali kule Lodwar. Daktari akaniuliza kama kuna mtu wa karibu amewahi kuugua TB. Nikasema hakuna. Akauliza habari za bibi yake, nikamwambia umekufa; akauliza kwa ugonjwa gani. Nikasema alikohoa, akakonda, sijui. Akaniomba jina lako. Akafungua rejista kubwa ya wagonjwa wa TB, akateremka na kidole, kikasimama.

"Huyu ni mama yako?"

Ulikuwa umekuja Lodwar, Mama. Ulikuja kupigwa picha ya kifua mwezi uleule niliojifungua. Kutoka kwenye lile lango la hospitali hadi nyumbani kwangu ni mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa, na hukubisha hodi. Na palipoandikwa jamaa wa karibu hapakuwa na jina langu. Paliandikwa: Nakiru, binti.

Binti!

Nilimkasirikia daktari. Nikamwambia kitabu kimekosewa. Alimshika Ewoi kifua, akamsikiliza.

Siku mbili baadaye nilipanda gari hadi Kakuma, nikaingia dispensari bila hata kusalimia. Yule nesi hakunifukuza, ingawa alikuwa na haki. Aliniambia kwamba tangu ufariki ametafuta namna ya kuniita, kwa sababu wewe hukutaka nijue lakini afya ya Ewoi haingeweza kungoja. Akatoa kadi yako. Chini yake kulikuwa na maandishi kwamba mgonjwa ameomba familia isiambiwe, na kando yake alama ya kidole gumba.

Hata hapo, Mama, nilishuku. Nikafikiri kidole ni kidole, wangeweza kuchukua cha yeyote. Nikaisogeza kadi dirishani. Ule mstari mweupe uliokata alama katikati niliujua. Ni kovu la kisu, siku ulipokuwa ukichuna mbuzi nami nikakugonga kiwiko kwa mchezo.

Nesi akanieleza polepole, kama anayeongea na mtu mwenye homa. Vidonge vya TB ni vya miezi mingi, na mtu akianza kupata nafuu huviacha. Ndiyo maana huwekwa mtu wa karibu ashuhudie vikimezwa. Wewe mwenyewe ulimchagua Nakiru. Ulisema, "Asekon akijua ataacha kazi aje kukaa nami, na tumbo lake ni kubwa." Na mtoto alipozaliwa uliogopa pumzi yako. Nesi alikuambia kwamba dawa zikishakolea huwezi kumwambukiza mtu. Hukumwamini. Kumbe hata wewe ulikuwa mtu wa kushuku.

Aliniambia na lile lingine. Kiangazi kilipokaza uliziacha dawa, ukafuata mbuzi upande wa Lokichoggio, karibu na Nadapal, kwa sababu kumeza vidonge na njaa kulikuchoma tumbo. Nakiru alidandia lori akakufuata, akauliza boma hadi boma mpaka akakupata, akakurudisha. Kila asubuhi baada ya hapo alikuletea uji kwanza, ndipo dawa. Lakini kifua kilikuwa kimeshaharibika. Na zile pakiti nilizodhani anazificha alikuwa anazirudisha dispensari, kama inavyotakiwa.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Nilikukasirikia, Mama. Bado nimekukasirikia kidogo. Uliniachia uadui wako na ile nyumba, ukaenda ukapatana nayo peke yako, hukuniambia. Mlizungumza nini asubuhi zote zile, wewe na yeye? Mlicheka? Nani aliomba msamaha kwanza? Hayo hayakuandikwa kwenye kadi.

Nakiru nilimkuta kwao anasuka kikapu. Nikamsalimu, "Ejok." Hakuitika. Aliendelea kusuka mpaka mzunguko ukaisha.

"Umekuja kuuliza nini tena?"

Nikamwambia nimejua. Nikaanza kusema samahani, akainua mkono.

"Hiyo weka. Mzee Lomuria, mgonjwa wangu mwingine, ameacha dawa tangu siku ya baraza lako. Ana wajukuu watatu wanalala naye nyumba moja. Nimekwenda mara nne, anafunga mlango. Kama una maneno, yapeleke huko."

Nilianzia kwenye baraza la chifu. Nilisimama palepale niliposimama mara ya kwanza, nikasema nilichosema hakikuwa kweli, kwamba mama yangu alikuwa na TB na Nakiru alimhudumia kama mtoto wake. Mama, nisamehe, siri yako niliitoa. Sikuona njia nyingine. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mama Ekal akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba bila shaka nimepewa kitu. Nakiru alirudishiwa mfuko wake, lakini milango niliyoifunga mimi haikufunguka kwa sababu ya mfuko.

Kwa Mzee Lomuria tulikwenda watatu: Nakiru, nesi na mimi. Tulimsikia akikohoa tukiwa bado kwenye vichaka vya mathenge. Alitoka, akasimama mlangoni, akawapita wenzangu kwa macho akaniangalia mimi.

"Wewe si ndiye uliyesema hawa wanaua watu?"

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

"Na leo unasema wanaponya."

"Nasema nilikosea."

"Nitajuaje ni lini unasema kweli? Siku ile ulilia. Leo hulii hata."

Ningesema nini? Maneno yote aliyonirushia yalikuwa yangu. Nikamwambia hivyo hivyo: "Sijui utajuaje, baba. Mimi mwenyewe nilichukua muda mrefu."

Mjukuu mmoja alitoka nyuma ya mzee, akakohoa, naye akageuka haraka kumtazama. Nilimwona Nakiru naye akimtazama mtoto yule. Hakusema neno. Sijui kama alijifunza kwako kunyamaza vile, au wewe ndiye uliyejifunza kwake.

"Leo siwapi mkono," mzee akasema. "Kesho kama mna nguvu za kutembea, tembeeni."

Ewoi hajambo. Amepimwa, hana ugonjwa, anapewa dawa ya kumkinga, na kikohozi kimekwisha. Kazini nimeomba likizo. Mwalimu mkuu amenipa hadi mwisho wa mwezi, kisha lazima nirudi kwenye sufuria zangu. Nakiru bado haniiti dada. Ananiita Asekon, kwa sauti kavu, na hanipi mfuko wake niubebe. Nadhani ananichunguza. Namwacha anichunguze.

Lala, Mama. Siwezi kukuahidi kwamba watatuamini. Nakuahidi kwamba kila asubuhi niliyobakiza huku Kakuma nitakwenda na binti yako kubisha hodi kwa Mzee Lomuria, hata akifunga mlango mara ngapi.

Mwanao,
Asekon