Bologna Isitajwe kwa Mtu

Jumapili, 11 Mei 2025

Muhula mzima Bologna, Italia, kuanzia Septemba! Idara yetu ya usanifu majengo ilikuwa na nafasi moja tu, na nimeipata mimi. Tangu mwaka wa kwanza naota kwenda kuchora zile baraza za matao, mtaa baada ya mtaa.

Na siruhusiwi kumwambia mtu. Mama kasema safari haitangazwi, ukifika salama ndipo unatuma picha. Macho ya watu ni mengi, kasema. Leo kwenye kwaya nimesimama ubavuni mwa Gaëlle, tuliyesoma naye tangu shule ya msingi hapa Husby, pembezoni mwa Stockholm, na chuoni tuko darasa moja. Nimefunga mdomo kama mwizi. Upuuzi mtupu.

Jumatano, 14 Mei

Barua pepe kutoka ofisi ya wanafunzi wa kubadilishana. Wananishukuru kwa kuwaambia kwenye simu kwamba nimeacha nafasi. Tayari amepewa anayefuata.

Simu gani?

Nikamfuata Mama jikoni, anapika sombe, majani yetu ya muhogo. Kasema eh, kweli, jana simu yangu iliita ikiwa kwenye chaji, nami nilikuwa bafuni, akaipokea yeye. Mwanamke, Kiswidi. Akauliza kama ni Maombi, na kama bado anaenda Italia. Mama akaona huyu katumwa na watu kuchungulia mambo yetu. Akamjibu ndiyo, ni mimi Maombi, na siendi popote. Ananisimulia huku anacheka! Ati alimkata kabisa, mama wa watu hakuambulia kitu.

Nilipomweleza alikuwa nani, aliweka mwiko chini. Nami nimesema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeenda ofisini. Nimezaliwa Stockholm mimi. Yule mwanamke nimekaa mbele yake mara ngapi, tukiongea Kiswidi? Halafu anamsikia Mama, na Kiswidi chake chenye lafudhi ya Bukavu, na hashtuki hata kidogo. Kwake sote ni sauti moja. Nikamuuliza mbona hakutaka jibu kwa maandishi. Kasema alitaka kunirahisishia. Kunirahisishia!

Kitu kimoja tu kinawezekana: aliyepewa airudishe mwenyewe kabla ya Ijumaa ijayo. Jina lake hawaruhusiwi kunitajia. Hapo sasa siri inaheshimiwa.

Jumamosi, 17 Mei

Mama Spéciose, mama yake Gaëlle, kaja kuazima sanduku. La kuwekea nguo za msaada, kasema. Mama kampa lile kubwa jipya, la magurudumu, tulilonunua kwa ajili yangu. Bila hata kuniangalia. Mlangoni wamebarikiana mpaka basi.

Nguo za msaada huwa tunapeleka kwenye mifuko mikubwa ya duka la IKEA. Siku zote. Nimekaa nayo hiyo tangu asubuhi, na roho inaniuma.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya ibada, zamu ya vyombo. Mimi naosha, Gaëlle anafuta. Simu yake ikawaka mezani: somo lako la leo la Kiitaliano linakungoja. Akaigeuza haraka. Nimeona, na anajua nimeona.

Hajaniibia, najua. Kapewa kilichoachwa. Lakini hasira haijui hayo. Nimemuuliza, polepole kabisa, likizo ikiisha ana mpango gani.

Hana mpango, kasema. Haendi popote. Kalisema neno hilo vilevile anavyolisema Mama, macho makavu.

Nilikuwa nimeshaipanga sentensi yangu yote. Ile nafasi ni yangu, Gaëlle, nenda kairudishe, Ijumaa haijafika. Nikafungua mdomo. Yeye akaniwahi, akiwa bado anafuta sahani ileile: na wewe je, Maombi?

Siendi popote, nimesema.

Akaacha kufuta. Mlangoni walikuwa wamesimama Mama na Mama Spéciose, na makoti yao mkononi, wanatungoja. Walikuwa wametusikia wote wawili, na nyuso zao zilionyesha kabisa kwamba wameridhika na jinsi walivyotulea.