Kiboko ni wa Nani

Dar es Salaam, 6 Februari 2023
Mama Amal,
Asalam alekum. Mie mzima, hofu kwenu huko Mtunda. Hapa redioni ninaporekodi matangazo bado hawajanipa likizo. Jana chumbani kwangu nimemtungia Amal hadithi ya kiboko anayeogopa maji. Nimeirekodi na kuituma kwenye simu yako. Mwekee akilala, asisahau sauti yangu.
Mumeo, Nassibu

Mtunda, 20 Machi 2023
Baba Amal,
Alekum salamu. Wazima, ila palizi ya mpunga inatuchosha. Amal halali bila kiboko wako. Anacheka hata kabla hujafika pa kuchekesha. Jirani yetu Mwantumu aliiomba kwa ajili ya wanawe, sasa imeshafika hadi Ruaruke. Tuma nyingine. Na mie husikiliza, mtoto akishasinzia.
Mkeo, Waride

Dar es Salaam, 11 Julai 2023
Mama Amal,
Salamu nyingi. Nimesikia Amal anakohoa, vipi sasa? Kimya changu kina sababu. Yule kiboko kamfikia bosi, Bwana Sadala. Kaniita, kanionyesha mkataba: chochote atakachobuni mfanyakazi, kazini au nyumbani, ni mali ya redio.
Nikamwambia, "Nilimsimulia mwanangu, kwa simu yangu."
"Simu ni yako," akasema, "lakini wewe ni wetu."
Wataitangaza hadithi kwa sauti ya msimuliaji wao. Nami nisitume nyingine bila ruhusa. Nifanyeje?
Mumeo, Nassibu

Mtunda, 2 Septemba 2023
Baba Amal,
Hatujambo, kikohozi kimekwisha. Jana kwa Mwantumu redio ilimtaja kiboko. Amal akakimbia kuwaita wenzake: "Baba yangu huyo!" Walipokaa, sauti ikawa ya mtu mwingine. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba alinipa mie au aliwapa wao?"
Nikamwambia nitakuuliza wewe. Sikwambii uache kazi, wala sikwambii ubaki.
Mkeo, Waride

Dar es Salaam, 30 Oktoba 2023
Mama Amal,
Mu hali gani? Niliomba waniandikie kwamba ninachomsimulia mwanangu ni chake. Bwana Sadala akasema, "Nikikuruhusu wewe, kesho watakuja wote."
Nimeacha kazi. Kiboko nimewaachia, nimetia saini. Imeniuma, Waride. Jumamosi napanda basi la Kibiti. Mwambie Amal nitamtungia mnyama mwingine.
Mumeo, Nassibu

Mtunda, 1 Novemba 2023
Baba Amal,
Sote salama. Nimemwambia. Mnyama hakumuulizia hata kidogo. Kauliza, "Atakaa siku ngapi?" Nikamwambia hutarudi tena huko Dar. Hakuniamini. Anasema ukifika tu, begi lako atalificha.
Nimemwonyesha pa kulificha.
Mkeo, Waride